Vikosi vya kuazima vya jeshi la Roma: legioni ilivyokatwa vipande bila kufa

Kalamu ya Mkaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Julai mwaka 128 BK, Kaisari Hadrian alifika Lambaesis, kambi ya Legioni ya 3 Augusta, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alikagua mazoezi, kisha akahutubia askari. Hotuba ilichongwa kwenye mawe na sehemu zake zipo mpaka leo. Kuna mahali pamoja ambapo wasomaji wengi hupapita haraka, na ndipo ninapotaka tuanzie.

Hadrian anawaambia askari kwamba kamanda wao amekwisha kuwatetea mbele yake, na anazirudia sababu moja baada ya nyingine. Kohorti moja (sehemu ya kumi ya legioni) haipo, kwa kuwa kila mwaka hupelekwa kwa zamu ofisini kwa liwali. Miaka miwili nyuma mlitoa kohorti nzima, pamoja na watu wanne kutoka kila senturia (kikundi kidogo ndani ya kohorti), kwenda kuwaongezea nguvu wenzenu wa legioni nyingine yenye namba 3. Vituo vingi vilivyo mbalimbali vimewatawanya. Tena mmehama kambi mara mbili na kujenga mpya.

Huyo ni mkuu wa dola, anakagua mojawapo ya legioni zake, na anajua kabisa kwamba waliosimama mbele yake si legioni nzima. Wala hashangai. Kwake hilo ni jambo la kila siku.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni hiki: jeshi la Roma lililofanya kazi, lililozima maasi, lililojenga barabara na kulinda visima, mara nyingi halikuwa legioni nzima inayotembea na tai wake mbele, yaani ile sanamu ya tai iliyokuwa nembo yake. Lilikuwa vipande. Nadhani Roma ilidumu kwa sababu ilijua kukata vipande hivyo, na jeshi lake la zamani likayeyuka pale vipande vilipoacha kurudi nyumbani.

Hesabu yenyewe ni hii. Legioni iliyokamilika ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 5,000, wamegawanyika katika kohorti 10. Augustus alikuwa na legioni 28, zikabaki 25 baada ya tatu kuangamia Ujerumani mwaka 9 BK. Kulikuwa pia na vikosi vya wasaidizi, askari ambao wengi hawakuwa raia wa Roma, na idadi yao ilikaribiana na ya legioni. Sasa tandaza ramani: mto Rhine, mto Danube mpaka Bahari Nyeusi, mto Frati, Misri, kisha ukingo wote wa jangwa la Afrika Kaskazini, na baadaye Uingereza. Kila legioni ilikuwa na kambi yake ya kudumu. Ukiing'oa nzima kwenda kupigana Danube, mpaka ulioiacha nyuma unabaki wazi, na jirani wa ng'ambo anaona.

Dawa ikawa kukata watu 1,000 au 2,000, kuwapa kiongozi na bendera, na kuwatuma. Tai wa legioni alibaki kambini na legioni mama. Waliokatwa walitembea chini ya veksilumu, kitambaa cha mraba kilichoning'inizwa kwenye kijiti kilichokingama juu ya mkuki, na kwa ajili ya bendera hiyo kikosi kikaitwa veksilatio. Majina yao yalibaki kwenye daftari la legioni mama, na kazi ikiisha walitakiwa kurudi. Veksilumu moja halisi imesalia. Ilipatikana Misri, na sasa iko katika jumba la makumbusho la Pushkin, Moscow: kitani chekundu, karibu sentimita 50 kila upande, kimechorwa mungu wa kike wa Ushindi akiwa amesimama juu ya tufe.

Nitaendelea. Karibuni wenye maswali.

Mlima Rungwe

Mkuu, nondo nzito. Swali la haraka: kwa nini wasibadilishane tu? Unaitoa legioni ya Syria unaipeleka Ujerumani, ya Ujerumani unaileta Syria. Mpaka haubaki wazi.

Kalamu ya Mkaa

Mlima Rungwe, legioni nzima zilihamishwa mara kadhaa, hilo lipo. Ila lilikuwa na gharama. Mwaka 69 watu wanne walishika ukaisari ndani ya mwaka mmoja. Mucianus, liwali wa Syria, alitaka askari wake wamuunge mkono Vespasian dhidi ya Vitellius. Kwa maelezo ya Tacitus, mwanahistoria wa Roma, hakuna kilichowachoma watu wa Antiokia na askari kama habari kwamba Vitellius alikuwa na mpango huohuo unaousema: legioni za Ujerumani zije Syria penye raha, za Syria ziende kwenye baridi ya Ujerumani. Wenyeji walikuwa wameshawazoea askari na kuoleana nao, na askari waliipenda ile kambi kama kwao. Habari hiyo ilitosha kuwawasha.

Sasa angalia Mucianus mwenyewe alivyokwenda Italia. Alichukua legioni moja tu nzima, ya 6 Ferrata, na watu 13,000 waliokatwa kutoka legioni nyingine. Zile legioni mama zikabaki na mapengo, na wakati huohuo vita vya Uyahudi havijaisha. Mwaka 70 Titus, mwana wa Vespasian, alipokwenda kuuzingira mji wa Yerusalemu, mapengo hayo yalizibwa na watu 2,000 waliokatwa kutoka legioni mbili za Misri. Juu yao wakaongezwa 3,000 kutoka walinzi wa mto Frati. Kwa hiyo Misri inaziba pengo la Syria, Syria inapigania ukaisari Italia, na kule Yerusalemu mzingiro unaendelea. Sijui jeshi lingine la zama hizo lililoweza kufanya hivyo kwa wakati mmoja.

Mwalimu wa Zamu

Asante kwa uzi huu. Kwa sisi tuliokulia kwenye shule za Jumapili, mfano wa karibu kabisa upo Matendo ya Mitume sura ya 23. Jemadari wa Yerusalemu anapata habari kwamba kuna watu wamekula kiapo kumuua Paulo. Anaita maakida wawili (viongozi wa askari mia hivi kila mmoja), anawaambia waandae askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, waondoke saa tatu ya usiku. Wanafika Antipatri. Kesho yake askari wa miguu wanarudi ngomeni, wapanda farasi wanaendelea na Paulo mpaka Kaisaria kwa liwali Feliki.

Nimeisoma sura hiyo miaka mingi nikimtazama Paulo peke yake. Leo nimetazama namna kikosi kilivyoundwa: aina tatu za askari, kazi moja, na sehemu yake kubwa kurudishwa njiani mara hatari ilipopungua.

Kalamu ya Mkaa

Mwalimu, huo ni mfano mzuri mno. Niongeze tu kwamba Uyahudi wakati huo haikuwa na legioni, kwa hiyo hao walikuwa vikosi vya wasaidizi. Ila mtindo ni uleule. Na zingatia kwamba askari wa miguu waliachiwa kurudi pale ambapo njia inatoka milimani na kuingia tambarare. Aliyepanga safari ile alijua hatari ilikuwa wapi.

Kuruta wa Zamani

Nimevaa gwanda miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba niulize kama askari. Kikosi cha kuunganisha kina tatizo moja kubwa: watu hawajuani. Huyu amezoea amri za afande wake, yule ana mazoea ya kambi yake, na kila mmoja anaamini kambi yake ndiyo bora. Nani alikuwa anawaongoza? Na huyo kiongozi alikuwa na nguvu gani juu ya watu wa legioni isiyo yake?

Kalamu ya Mkaa

Afande, umegusa penyewe. Kwa kikosi kidogo cha legioni moja, akida mzoefu alitosha. Kikiwa kikubwa, au kimekusanywa kutoka legioni nyingi, Kaisari au liwali alimteua mtu maalumu. Nitawaeleza wawili, na kwa huyu wa pili nitakaa zaidi kwa sababu habari zake zimenikaa moyoni.

Wa kwanza ni Gaius Velius Rufus. Jiwe lenye habari zake lilipatikana Baalbek, Lebanoni. Alikuwa akida wa cheo cha juu kabisa katika Legioni ya 12 Fulminata. Mwishoni mwa karne ya kwanza alipewa vipande vya legioni tisa kwa mpigo, zikiwemo za Uingereza. Baadaye aliongoza jeshi la Afrika na Mauretania kuzima maasi ya Wamoor. Kisha akapigana na Wamarcomanni, Waquadi na Wasarmatia, na safari ya vita hiyo ikapita ndani ya ufalme wa Decebalus, mfalme wa Dacia (Romania ya leo). Huyu ni mtu aliyepanda kutoka ngazi ya maakida. Alichaguliwa kwa sababu alijulikana anaweza kuwashika watu wasiojuana.

Wa pili ni Marcus Valerius Maximianus, mzaliwa wa Poetovio, mji ambao leo unaitwa Ptuj, Slovenia. Aliishi wakati wa Marcus Aurelius, vita vya Danube vilipokuwa vimepamba moto. Kazi yake ya mwanzo kwenye vita hivyo ilikuwa chakula. Alipewa vipande vya wanamaji kutoka meli za Misenum, Ravenna na Uingereza ili kushusha vyakula kwa mto Danube hadi kwa majeshi ya Pannonia, jimbo la Roma kando ya mto huo, pamoja na wapanda farasi teule Waafrika na Wamoor kwa ajili ya upelelezi. Baadaye, vitani, alimuua kwa mkono wake Valao, chifu wa Wanaristi, na Kaisari akamtuza farasi, nishani na silaha.

Mjini Trenčín, Slovakia, chini ya ngome, kuna mwamba wenye maandishi ya Kilatini. Yanasema jeshi lililokaa Laugaricio liliyaweka kwa ajili ya ushindi wa makaisari, askari 855 wa Legioni ya 2. Ni majira ya baridi ya mwaka 179 kuingia 180, kilomita zaidi ya 100 kaskazini mwa Danube, nje kabisa ya dola. Watu 855 wanapitisha baridi katika nchi ya adui, na kabla ya kuondoka wanachonga hesabu yao kwenye mwamba. Wala hawakuikadiria kuwa 800 au 1,000.

Kwa muda mrefu jina la kamanda kwenye mwamba ule lilisomeka nusu tu. Kisha katika karne ya 20 likapatikana jiwe lingine, Zana nchini Algeria, lenye maisha yote ya kazi ya Maximianus, na ndani yake imo kazi ya kuongoza veksilatio zilizopitisha baridi Leugaricio. Jiwe la Afrika likajaza pengo la mwamba wa Ulaya. Limekutwa Algeria kwa sababu baadaye alipewa kuongoza Legioni ya 3 Augusta, ileile ya Lambaesis niliyoanza nayo.

Nyota ya Kisumu

Ndugu, nafuatilia kwa makini na ninashukuru, lakini naona unasifu sana. Mimi naona huu mtindo ulikuwa udhaifu. Varus, kamanda wa zile legioni tatu zilizoangamia Ujerumani mwaka 9, alikufaje? Mwanahistoria Cassius Dio anasema alikuwa ametawanya askari wake kwa makabila yaliyomwomba walinzi: hawa walinde mahali fulani, hawa wakamate wanyang'anyi, hawa wasindikize chakula. Maasi yalipoanza, kila kabila likaua askari waliokuwa kwake, ndipo wakamgeukia yeye porini. Legioni tatu, ya 17, ya 18 na ya 19, zikaisha.

Halafu mwaka 66 Cestius Gallus, liwali wa Syria, akaenda Yerusalemu na Legioni ya 12 pamoja na watu 2,000 kutoka kila legioni nyingine ya Syria. Hilo ndilo jeshi la vipande unalolisema. Akarudi mbio, akapigwa kwenye genge la Beth Horon, akapoteza zaidi ya askari 5,000 wa miguu. Vipande vimeshonwa lakini nguo haikushikana.

Kalamu ya Mkaa

Nyota, mifano yako yote miwili ni ya kweli na inauma. Ila naomba tuitofautishe.

Varus hakukata kipande kimoja chenye uzito. Alinyunyiza watu wachache wachache, mbali na wenzao, mikononi mwa watu waliokuwa wakipanga kuwaua. Kipande cha watu 2,000 chini ya bendera yake kinaweza kujenga ngome kila jioni na kupigana kesho yake. Watu 20 wanaolala kijijini kwa watu ni mateka ambao hawajaambiwa kwamba ni mateka.

Cestius ni kesi ngumu zaidi, nami nakubaliana nawe zaidi hapo. Aliyafikia majengo ya Yerusalemu, akasita, akageuka, na kurudi nyuma kwenye njia nyembamba za milimani. Kurudi nyuma ndiko kunakohitaji watu wanaoaminiana kuliko kusonga mbele. Legioni iliyokaa pamoja miaka 20 ingeshikamana vizuri zaidi pale genge lilipobana. Hasara ya vipande ndiyo hiyo, na makamanda waliofuata walilipia somo hilo kwa kuchagua viongozi kama Maximianus.

Kuna hasara nyingine ambayo afande Kuruta ataielewa. Mwaka 14, Augustus amefariki, legioni tatu za Pannonia zikaasi. Kabla ya maasi kulikuwa na kikosi kimepelekwa Nauportus, Vrhnika ya leo huko Slovenia, kutengeneza barabara na madaraja. Waliposikia kambini kumechafuka, wakang'oa bendera zao wakapora vijiji vya jirani na Nauportus yenyewe. Maakida waliojaribu kuwazuia walitukanwa na kupigwa. Hasira kubwa ilimwangukia mkuu wa kambi, Aufidienus Rufus. Huyu alianza kama askari wa kawaida, akawa akida, akapanda, na kwa kuwa yeye alivumilia kazi ngumu alizirudisha kwa wengine bila huruma. Walimshusha kwenye gari lake, wakamtwisha mizigo, wakamtembeza mbele ya msafara huku wakimuuliza kama anafurahia mzigo mzito vile na safari ndefu vile.

Kipande kilicho mbali na macho ya legioni mama kinaweza kupoteza nidhamu kwa siku moja.

Kuruta wa Zamani

Nimeelewa sana. Na kwa nini ilitokea kwenye kazi ya barabara na si kwenye vita, hilo silishangai kabisa. Askari mwenye jembe ana muda wa kuhesabu malalamiko yake.

Binti Pangani

Wakuu, niwaletee kipande ambacho kwetu sisi watu wa mwambao kina uzito wake. Visiwa vya Farasan, Bahari ya Shamu, pwani ya kusini ya Saudia ya leo. Huko limepatikana jiwe la Kilatini la mwaka 144, wakati wa Antoninus Pius. Linataja veksilatio ya Legioni ya 2 Traiana Fortis na vikosi vyake vya wasaidizi, na linamtaja Castricius Aprinus kama msimamizi wa bandari ya Ferresan.

Kambi ya legioni hiyo ilikuwa Nikopoli, kando ya Aleksandria. Kutoka Berenike, bandari kubwa ya Misri ya kusini kwenye bahari hiyo, hadi Farasan ni karibu kilomita 1,000. Kwa hiyo kuna askari walioandikishwa kwenye legioni ya Aleksandria waliokuwa wanalala kisiwani karibu na mlango wa kutokea Bahari ya Hindi. Jangwani kote katikati hapakuwa na mji wa Roma. Walikuwepo kwa ajili ya njia ya meli.

Na ni njia ileile ambayo meli za kuja Azania, yaani pwani yetu, zilipita kushuka hadi Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii. Claudius Ptolemaeus, aliyeiandika Rhapta katika jiografia yake, aliishi Aleksandria katika miaka hiyohiyo. Kikosi cha Farasan kilitoka mlangoni kwa mtu aliyekuwa anakusanya habari za pwani ya Afrika Mashariki.

Mlima Rungwe

Aisee! Kwa hiyo dada, askari wa Roma walifika huku kwetu?

Binti Pangani

Hapana kaka, tusivuke mpaka wa ushahidi. Periplus, ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, unasema pwani ya Azania ilikuwa chini ya mtawala wa Mapharitis kusini mwa Arabuni, na watu wa Muza, bandari ya hukohuko Arabuni, ndio waliokuwa wakituma meli zao na manahodha wanaojua pwani, waliooa huku na kuelewa lugha. Mkono uliotawala biashara ya huku ulikuwa wa Arabuni, si wa Roma.

Walikokaribia zaidi ni kwa mto Nile. Nero alituma kikosi kidogo cha walinzi wake kwenda kusini mwa Misri, na Seneca anasimulia kwamba maakida wawili walitafuta chanzo cha mto. Walipita Meroe, mji wa kifalme katika Sudan ya leo, wakasaidiwa na mfalme wa huko, wakafika kwenye mabwawa makubwa yaliyojaa majani yaliyosokotana, yasiyopitika kwa miguu wala kwa chombo isipokuwa mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Wengi wanaona hiyo ni Sudd, Sudan Kusini ya leo. Wakaishia hapo.

Kalamu ya Mkaa

Binti Pangani, ubarikiwe. Farasan nilikuwa naitaka humu na wewe umeieleza kwa jicho la mwambao, jambo ambalo nisingeliweza.

Tubaki Afrika. Nataka mkione kituo kimoja kwa ndani: Gholaia, leo Bu Njem, Libya, ndani jangwani. Tarehe 24 Januari 201 kipande cha Legioni ya 3 Augusta kilifika pale na kuanza kujenga ngome. Akida mmoja, Quintus Avidius Quintianus, akajenga bafu, na ndani yake akaweka shairi la kumshukuru mungu wa afya. Anazungumzia vilima vya mchanga visivyoisha, upepo wa kusini unaounguza, na miili inayopozwa majini. Ukisoma herufi ya kwanza ya kila mstari kutoka juu kwenda chini unapata jina lake. Mtu huyo alikuwa mbali na kila alichokijua, akapata maji mengi ya kutosha kuogelea, na akaona hilo lastahili shairi. Mimi ninamwelewa.

Miaka 50 baadaye, kwenye miaka ya 250, askari wa kituo hicho bado walikuwa wanaandika taarifa kwa wino kwenye vigae. Vipande karibu 150 vimepatikana. Vingi ni taarifa za kila siku: jumla ya watu, wangapi wagonjwa, nani yuko langoni, nani kwenye mnara wa kutazamia, nani kwenye tanuri. Idadi ni watu wasiofika 100. Kigae kimoja kinaripoti kwamba Wagaramanti, watu wa jangwa la Sahara, wameingia wakileta shayiri, nyumbu wanne na punda wanne. Basi. Hakuna vita humo. Kuna mtu jangwani anayehesabu punda wanaopita, ili kamanda ajue nani anaingia na nani anatoka.

Katikati ya vipindi hivyo viwili, mwaka 238, Legioni ya 3 Augusta yenyewe ilivunjwa kama adhabu kwa sababu ya upande iliochukua katika vita vya ukaisari. Ikarudishwa mwaka 253. Miaka 15 legioni mama haipo, na kule Gholaia lindo linaendelea.

Kuruta wa Zamani

Taarifa za namna hiyo ninazijua vizuri. Nami niongezee moja ya Uingereza, kibao cha mti cha Vindolanda, ngome ya Roma kaskazini mwa Uingereza, tarehe 18 Mei katika miaka ya 90. Kohorti ya 1 ya Watungri: jumla watu 752. Wasiokuwepo 456. Kati yao 46 wako kwenye ulinzi wa liwali, 337 wako Coria, kituo kingine, kwenye ofisi ya mkubwa aitwaye Ferox, akida mmoja yuko London, na wengine wachache kwingineko. Waliobaki kambini 296 pamoja na akida mmoja tu kati ya sita. Ukitoa wagonjwa 15, majeruhi 6 na 10 wenye macho mabovu, wanaofaa kazi ni 265.

Kikosi cha 752 kwenye karatasi, 265 kwenye gwaride. Nimewahi kusimama kwenye gwaride la aina hiyo. Anayepanga vita kwa kutazama jina la kikosi bila kusoma taarifa ya asubuhi anajidanganya.

Nyota ya Kisumu

Sawa, nimeridhika kuhusu faida. Sasa fafanua ule upande wa pili wa hoja yako ya mwanzo. Umesema jeshi la zamani liliyeyuka vipande vilipoacha kurudi. Lini, na kwa nini?

Kalamu ya Mkaa

Karne ya tatu, Nyota. Hapo ndipo mahesabu yaliposhindikana.

Mpaka wakati wa Marcus Aurelius vita vilikuwa na mwanzo na mwisho. Kipande kinaenda, miaka miwili mitatu, kinarudi. Karne ya tatu Uajemi ya Wasasani inasukuma mashariki na makabila yanavuka Rhine na Danube kwa wakati mmoja. Kaisari Severus Alexander alipokuwa vitani mashariki mwaka 233, habari zikafika kwamba Wajerumani wamevuka mito. Mwanahistoria Herodian anasema askari waliotoka Danube walipandwa na uchungu mkubwa, maana walikuwa wanapigana na Waajemi huku watu wao nyumbani wanauawa. Mwaka 235 Alexander aliuawa na askari wake mwenyewe.

Halafu unafika wakati wa Kaisari Gallienus. Sirmium, Sremska Mitrovica ya Serbia leo, kuna jiwe la wakati wake linalotaja veksilatio za legioni za Ujerumani na Uingereza. Fikirini hali yao. Mwaka 260 Postumus alijitangaza Kaisari akachukua Gallia (Ufaransa ya leo), na Ujerumani na Uingereza zikamfuata, zikabaki nje ya mikono ya Roma mpaka 274. Askari hao wa Sirmium wanamtumikia Gallienus, na legioni zao mama ziko kwa mpinzani wake. Hawana kwa kurudi. Wakati huohuo kule Ptuj, alikozaliwa Maximianus, kulikuwa na vipande vya Legioni ya 5 Macedonica na ya 13 Gemina za Dacia, wakiabudu kwenye hekalu lao la mungu Mithras. Katika miaka ya 270 Kaisari Aurelian akaiacha Dacia yenyewe, na legioni hizo mbili zikavutwa kusini mwa Danube.

Vipande vya namna hiyo vikaanza kuwa vikosi kamili: kamanda wake, makuruta wake, posho yake, mwaka baada ya mwaka. Katika karne ya nne neno veksilatio halikuwa tena na maana ya watu walioazimwa. Lilikuwa jina la kikosi cha kudumu cha wapanda farasi. Na legioni nyingi zikawa vikosi vidogo, wanahistoria wengi wanakadiria watu 1,000 hivi, ukubwa uleule wa vipande vya zamani.

Mwalimu wa Zamu

Kuna ushahidi wa maandishi wa hilo la vipande kugeuka legioni, au ni makisio ya wanahistoria?

Kalamu ya Mkaa

Upo, Mwalimu. Kuna orodha rasmi ya vyeo na vikosi vya dola, Notitia Dignitatum, ya karibu mwaka 400. Itafute humo Legioni ya 5 Macedonica. Utaikuta kwenye vituo kadhaa vya Danube, kama Oescus na Sucidava. Utaikuta tena kwenye jeshi la kutembea la Mashariki. Kisha utaikuta Memphis, Misri. Ya 13 Gemina nayo iko Danube, na iko Babeli ya Misri, mahali ilipo Kairo ya leo. Namba moja, jina moja, mabara mawili, kila sehemu ina kamanda wake, na hakuna iliyoandikwa kuwa imeazimwa kutoka kwa nyingine.